Dhahabu ya mama kutoka Columbus hadi Seattle: kutaja thamani si kukata bima

Swali: "Shikamoo kaka. Naishi Columbus, Ohio. Mama yetu alifariki mwaka jana akaniachia dhahabu zake: bangili nne, mkufu na vipuli, zote karati 22, kazi ya sonara wa Tanga wa zamani. Uzito wake ni gramu 62. Mwaka 2019 mthamini mmoja wa hapa aliziandikia dola 3,100. Dada yangu yuko Seattle, anamwoza binti yake baada ya wiki tano, na tumekubaliana bi harusi avae za bibi yake. Shemeji ananiambia niende UPS au FedEx, nitaje thamani pale kaunta, nilipe, basi zimeshakatiwa bima. Ni kweli? Kila nikifikiria kuziachia mkononi mwa mtu nisiyemjua usingizi unaniruka."

Marahaba dada, na pole sana kwa kuondokewa na mama.

Shemeji amekutakia mema, lakini alichokuambia sicho. Nenda posta, yaani USPS, ukazitume kwa rejista. Na thamani utakayoandika isiwe ile 3,100, kwa sababu nitakayoieleza. Ya kufunga boksi nayo isome polepole, maana hapo ndipo karani anaporudisha watu nyumbani.

Nimeshughulikia madai ya mizigo iliyopotea kwa miaka 14 huku Marekani, na kosa la shemeji ndilo ninalokutana nalo kuliko jingine lolote. Ukituma kifurushi kwa kampuni binafsi kama UPS au FedEx bila kusema neno, dhima yao huishia dola 100. Ukitaja thamani kubwa zaidi na kulipa nyongeza, hujanunua bima. Umepandisha tu kikomo cha kile wanachoweza kudaiwa. Siku ya kutuma huoni tofauti. Utaiona siku mzigo usipofika. Mwenye bima hulipa kwa kuwa hasara imetokea na imo ndani ya mkataba. Msafirishaji hulipa kwa kuwa kosa ni lake, na ana kitabu kizima cha masharti cha kujitetea nacho: ulifunga vibaya, kitu hiki hakikustahili kupita kwetu, thamani hukuithibitisha. Halafu kiasi ulichotaja ni dari tu. Ukitaja 8,000 ukathibitisha 3,000, utalipwa 3,000.

Sheria ya jambo hili ni ya zamani, na mojawapo ya kesi zake kubwa ilianzia huko huko Ohio kwenu. Mtu mmoja mjini Cincinnati aliikabidhi kampuni ya Adams Express kifurushi kidogo chenye pete ya almasi kiende Augusta, Georgia. Pete ilikuwa ya dola 137.52, na haikufika. Risiti aliyopewa ilisema kwamba asiyetaja thamani halipwi zaidi ya dola 50. Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Januari 1913 majaji wakaamua kwamba lililoandikwa kwenye risiti lishike: dola 50. Kanuni ya kesi ile ni kwamba msafirishaji ana haki ya kujiwekea kikomo, mradi amempa mtumaji nafasi ya kutaja thamani na kulipa zaidi.

Kwa vito mambo ni mazito zaidi. Masharti ya FedEx yana orodha ya vitu vya thamani isiyo ya kawaida: kazi za sanaa, vitu vya kale, sarafu za wakusanyaji, vito, saa, madini ya thamani. Kwa vitu hivyo mtumaji wa kawaida hawezi kutaja zaidi ya dola 1,000, na masharti yanasema waziwazi kwamba thamani inayotajwa juu ya kikomo ni batili. Maana yake ni kwamba karani anaweza kukuandikia 8,000, mashine ikakata pesa zako, risiti ikatoka safi, na dhima yao ikabaki 1,000. Aliyekupokea kaunta hana uwezo wa kukupandishia kikomo hata akitaka. UPS nao wana orodha yao ya namna hiyo. Wenye maduka makubwa ya vito huwa na mikataba maalumu na kampuni hizi, ila wewe na mimi hatuna.

Haya nayajua kwa uchungu wangu pia. Kabla sijaingia kazi hii, niliituma saa ya marehemu baba kwa fundi wa jimbo jingine, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Nilitaja dola 2,400 nikalipia. Boksi likafika limechanwa ubavuni, ndani mna magazeti tu. Barua waliyoniandikia ilikuwa ya adabu, na katikati yake palikuwa na kifungu kimoja kinachohusu vito na saa. Nililipwa sehemu. Saa sijaiona mpaka leo, na hata wangenilipa zote 2,400 nisingeinunua tena popote.

Ndiyo maana kwa mali ya namna yako swali la kwanza si utalipwa kiasi gani. Swali la kwanza ni nani atakuwa nayo mkononi kila saa, na ataandika jina lake wapi. Nyumbani tunamkabidhi kondakta mzigo, kisha tunampigia mpokeaji simu: namba ya gari hii, kondakta ni fulani, mkute stendi saa kumi. Kinga yetu pale ni kujuana. Huku kifurushi kinapita kwenye mikanda ya mashine pamoja na maelfu ya vingine, na mikono mingi inayokigusa haiachi jina. Rejista ndiyo huduma ya kawaida huku inayolirudisha lile jina.

Wewe mtu wa Tanga neno rejista unalijua tangu enzi za barua za lakiri. Huku kaunta sema Registered Mail, na uiombe juu ya Priority Mail, ile huduma ya posta ya vifurushi vya haraka. Kitu cha rejista hakichanganywi na vingine. Kinakaa chini ya kufuli, na kila kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, anayepokea anatia saini. Kikipotea, posta inajua kilipotelea mkononi mwa nani, na kila mfanyakazi anajua kwamba inajulikana. Fidia yake inafika hadi dola 50,000, nayo imo ndani ya ada unayolipa kulingana na thamani uliyotangaza. Bima ya kawaida ya posta inaishia dola 5,000, haitoshi kwa thamani ya leo ya dhahabu zako, kama utakavyoona. Ile ya dola 100 inayokuja bure na Priority Mail ndiyo usiitazame kabisa. Kwa mzigo wako gharama yote ya rejista haitafika dola 100.

Kama moyo bado unasita, jua kwamba Novemba 1958 sonara Harry Winston wa New York aliituma almasi ya Hope kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, kwa njia hii hii. Almasi ile ya buluu ilifungwa kwa karatasi ya kahawia. Stempu za usafirishaji zilikuwa dola 2.44, ukijumlisha na bima ya dola milioni moja ikawa dola 145.29. Mwanaposta James Todd aliifikisha tarehe 10 Novemba, na karatasi ile ya kahawia imehifadhiwa hadi leo. Tajiri yule angeweza kukodi walinzi, akachagua rejista.

Ubaya wake ni mwendo. Hesabu siku kumi hadi kumi na nne, na wakati mwingine ukifuatilia kwa namba utaona kimya siku kadhaa, kwa sababu kitu cha rejista hakipigwi skani kila kona kama vingine. Usipige simu kwa hofu siku ya nne. Una wiki tano, zinatosha ukituma ndani ya siku kumi hizi. Ukingoja wiki ya mwisho, rejista haitakufaa, na utajikuta kwenye kaunta ile ile ya shemeji.

Sasa hiyo 3,100. Karati 22 maana yake ni sehemu 22 kati ya 24 dhahabu safi, hivyo kwenye gramu zako 62 mna karibu gramu 57 safi. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo una wakia 1.8 na ushei. Mwaka 2019 wakia moja haikufika dola 1,600 hata siku moja. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Kwa bei ya 4,000, dhahabu tupu iliyomo kwenye vito vya mama ni zaidi ya dola 7,300, kabla hujahesabu ufundi wa sonara. Ukiandika 3,100 kwa nia njema kabisa na zikapotea, hakuna atakayekulipa hata dola moja juu ya hapo.

Kwa hiyo wiki hii zipeleke kwa mthamini mwenye sifa, wala si kwenye duka la rehani. Mwombe hati ya maandishi inayotaja kila kitu peke yake: uzito kwa gramu, karati, maelezo ya nakshi, picha, tarehe, na bei ya leo. Posta hulipa thamani halisi ya kitu siku kilipotumwa. Hailipi kumbukumbu. Kwamba mama alizivaa siku ya nikaha yake haimo katika hesabu yao. Lakini kama zile nakshi za kisonara zina soko lake, mthamini aliandike hilo, kwa sababu vinginevyo zitahesabiwa kama dhahabu ya kuyeyusha.

Piga picha mwenyewe pia. Kila bangili juu ya mizani ndogo ya jikoni, kando yake rula, na alama zozote za sonara zionekane. Halafu piga nyingine wakati wa kufunga, hatua kwa hatua, ya mwisho ikiwa boksi limefungwa na liko juu ya mizani. Uzito wa boksi ni ushahidi ambao watu wengi huusahau. Boksi lililotoka Columbus na gramu 640 likafika Seattle na 570 limeshasema lenyewe kilichotokea.

Kufunga kwenyewe. Kila bangili izungushie karatasi laini ili zisikwaruzane, kisha ziweke zote kwenye mfuko mdogo, mfuko uingie kwenye kikasha kigumu, nacho ukijaze pamba mpaka ukikitikisa usisikie kitu. Usitumie kikasha chenye jina la duka la vito. Kikasha kiingie ndani ya boksi la kadibodi la kahawia, jipya, lisilo na maandishi, la ukubwa wa kama tofali, na pande zote sita kuwe na kujazia kwa upana wa vidole vitatu. Ndani, juu kabisa, weka karatasi yenye jina na anwani yako na ya dada. Lebo ya nje ikichanika, karatasi hiyo ndiyo itakayoliokoa boksi.

Sasa utepe. Selotepu ya plastiki hairuhusiwi kwenye rejista, hata ile ya kahawia inayong'aa. Lazima iwe tepu ya karatasi, ile inayolowanishwa kwa maji ndipo ishike, kwa sababu karani atapiga muhuri wa tarehe kwenye kila mshono, nusu ya duara juu ya tepu na nusu juu ya boksi, na wino lazima unywewe na karatasi. Mtu akifungua njiani hawezi kuirudishia ile miduara ikakutana tena. Ziba kila mshono, wa juu, wa chini na wa pembeni. Bahasha zenye mapovu na mifuko ya plastiki watazikataa. Tepu hiyo inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Nunua roli nzima uende nayo posta, maana karani akiona pengo moja atakutaka uzibe, na wao mara nyingi hawana ya kukugawia.

Usilitumbukize boksi kwenye sanduku la barua, wala usimpe mleta barua anayepita mtaani kwenu. Rejista hukabidhiwa kaunta, uso kwa uso. Utaulizwa thamani, utaje yote, ndiyo kanuni ya huduma yenyewe. Risiti utakayopewa iweke pamoja na pasipoti yako. Ukiipiga picha ni vizuri, lakini ile ya karatasi usiitupe.

Kuhusu jina la mpokeaji, hapa nawaomba muwe waangalifu, kwa sababu sisi tuna majina mengi. Mtu anaitwa Mama Salma nyumbani, kwenye leseni ana jina la baba na babu, kazini ana la mume. Andika lile lililo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi, kwa kuwa atatia saini. Na kama dada yako anafanya kazi mchana, mwambie akafuate boksi posta ya mtaani kwake badala ya kumngoja mleta barua. Ni salama kuliko kusainiwa na kijana wa jirani.

Jambo hili lisiingie kwenye kundi la WhatsApp la arusi. Mjue wewe, dada, na yule unayemwamini hapo kwako. Picha ya risiti yenye namba ya kufuatilia, ikisindikizwa na "dhahabu za bibi ziko njiani", ikisomwa na watu 140, inawapa usiowajua siku, mji na kilichomo.

Pia mpigie simu mwenye bima ya nyumba yako au ya upangaji. Mikataba mingi ya kawaida huku hulipa vito vilivyoibwa hadi dola 1,500 tu, lakini hukuruhusu kuviorodhesha kimojakimoja kwa nyongeza, na hapo vinalindwa kwa thamani yake yote. Waulize maneno haya haya: vikiwa njiani kwa posta, navyo vimo? Wakisema ndiyo, wakuandikie barua pepe. Hati mpya ya mthamini itakutumikia huko pia, hata baada ya arusi. Kuna kampuni zinazouza bima ya kifurushi kimoja kimoja mtandaoni, na kwa kamera au kompyuta si mbaya. Kwa vito soma orodha ya vitu wasivyovikatia bima kabla hujalipa, maana mara nyingi dhahabu imo humo.

Na kama kuna ndugu anayeruka kutoka Columbus kwenda arusini mapema, mtu wa damu unayemwamini, hiyo ni njia nzuri kuliko zote nilizozitaja. Azibebe kwenye mkoba wa mkononi. Kamwe zisiingie kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege, kwa kuwa mashirika ya ndege hujitoa kabisa kwenye vito vilivyomo humo.

Umeniambia dada yuko Seattle, lakini najua siku moja utataka kutuma kitu Tanga, kwa hiyo niseme na hili. Usidhani rejista inavuka bahari na nguvu yake. Ukiituma nje ya Marekani, fidia yake haifiki hata dola 100, na posta za nchi nyingi zina masharti yao ya kukataa vito. Kampuni binafsi zinazosafirisha kwa ndege nazo ziko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Marekani, Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha mkataba huo kwa mizigo ni SDR 26 kwa kilo, zile fedha za hesabu za IMF, yaani dola kama 35. Boksi la nusu kilo linakuwa chini ya dola 20, ila ukiwa umetamka thamani maalumu na kulipia, nao wameikubali. Mzigo ukifika umeharibika una siku 14 za kulalamika kwa maandishi. Wengine huandika "zawadi, dola 20" ili kukwepa ushuru, kisha boksi likipotea wanakuja kwangu na risiti ya dola 900. Huwa sina la kuwasaidia, kwa sababu karatasi waliyoisaini wenyewe ndiyo inayowakana.

Turudi kwenye boksi lako. Siku ya kupokea, dada alitazame kabla hajatia saini. Miduara ya mihuri ikutane kwenye kila mshono. Akiona imekatika, au karatasi imebanduliwa, amwonyeshe karani pale pale, apige picha, na iandikwe. Alifungue huku mtu mwingine anachukua video, bila kukatisha.

Likipotea, dai lako linaanza kupokelewa siku ya 15 tangu ulipotuma na mlango unafungwa siku ya 60. Wewe mwenye risiti ndiye utakayedai, ukiambatisha hati ya mthamini na zile picha za mizani. Kukiwa na uharibifu au upungufu, dada asingoje siku 15, adai mara moja, na boksi, pamba, tepu na karatasi zote azipeleke posta zikakaguliwe. Madai mengi mazuri nimeyaona yakifa kwa sababu mtu alitupa boksi siku ile ile. Mwambie aliweke kabatini, na tepu zake zote, mpaka siku 60 zipite, hata kama arusi imeshaisha na wageni wamerudi kwao.